Akiba ya Barafuni

Wazee husema, "Akiba haiozi." Maana ya methali hii ni kwamba mtu awekaye kitu leo hatajuta kesho. Mkulima hujaza ghala yake mahindi wakati wa mavuno; mvuvi huanika dagaa juani, au humtia papa chumvi; mfugaji hukausha nyama juu ya moshi. Wote hao wanajua jambo moja: chakula kikiachwa hivi hivi huharibika, na mwenye kutaka kula wakati wa upungufu sharti akilinde wakati wa wingi.

Siku hizi watu wengi, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, huweka akiba yao kwa njia nyingine. Hawakaushi wala hawatii chumvi, bali hugandisha. Katika nyumba zao mna sanduku kubwa liendeshwalo kwa umeme, nalo huitwa friza. Ndani yake hukaa nyama, samaki, mikate, njegere, na hata chakula kizima kilichokwisha tiwa katika sahani yake dukani, ambacho mwenyewe hana kazi nacho ila kukitia motoni. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea na watu wakaamriwa kukaa majumbani mwao, watu wengi wa nchi hizo walikimbilia kununua friza na vyakula vya kujaza ndani yake, hata maduka mengi yakaishiwa.

Basi, je, akiba ya barafuni haiozi kweli? Jibu lake ni ndiyo, tena ni siyo. Mtu asiyejua mahali jibu hilo linapogeuka aweza kujidhuru yeye na watoto wake, huku akidhani kwamba amewatendea mema. Kwa hiyo yafaa kujua kwanza jinsi njia hii ilivyoanza, kisha kazi ifanywayo na baridi, na kazi ambayo baridi haiwezi kuifanya.

1. Mtu aliyejifunza kwa wavuvi

Watu wa kaskazini ya dunia wamejua tangu zamani sana kwamba baridi huhifadhi chakula. Walakini iko tofauti kubwa baina ya chakula kilichoganda polepole na chakula kilichogandishwa kwa haraka. Mtu aliyeifanya tofauti hiyo kuwa kazi ya viwanda aliitwa Clarence Birdseye, aliyezaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka 1886.

Mwaka 1912 Birdseye alikwenda Labrador, nchi ya baridi kali iliyo mashariki ya Kanada, kufanya biashara ya ngozi za wanyama wenye manyoya. Huko aliwaona Wainuit, wenyeji wa nchi, wakivua samaki katika matundu waliyoyatoboa katika barafu. Samaki akitolewa majini siku ya upepo, wakati baridi ilipofika digrii 40 chini ya sifuri, aliganda karibu mara ile ile, akawa mgumu kama kipande cha ubao. Hilo halikuwa jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba samaki yule alipoyeyushwa baada ya miezi mingi na kupikwa, alikuwa na ladha kama samaki aliyevuliwa asubuhi. Samaki waliogandishwa mijini siku zile hawakuwa hivyo: walipoyeyuka walilegea, wakatoka maji, wala hawakuwa na utamu.

Birdseye hakuvumbua jambo hili. Aliliona kwa watu waliolijua tangu mababu zao. Lakini aliuliza sababu yake, naye hakuchoka mpaka alipoipata.

Sababu yenyewe ni hii. Nyama, samaki na mboga zimejengwa kwa vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kijumba mna maji. Maji yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zenye ncha kali. Tena maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa, kadiri ya sehemu 9 katika kila 100. Chembe hizo huvipasua vijumba, na chakula kikiyeyuka maji yote na utamu hutoka nje. Lakini maji yakiganda kwa haraka, chembe zake huwa ndogo mno, hukaa ndani ya vijumba bila kuvipasua, na chakula hubaki karibu kama kilivyokuwa.

Birdseye aliporudi kwao aliunda mashine ya kuiga upepo wa Labrador. Alitia samaki katika masanduku madogo ya karatasi ngumu, akayabana masanduku hayo kati ya mabamba mawili ya chuma yaliyopozwa sana, baridi ikaingia juu na chini kwa mara moja. Mwaka 1924 alianzisha kampuni katika Gloucester, mji wa wavuvi wa jimbo la Massachusetts. Mwaka 1929 kampuni hiyo pamoja na hati za uvumbuzi wake ziliuzwa kwa dola milioni 22, na mwezi wa Machi 1930 vyakula hivyo vilianza kuuzwa kwa watu katika maduka machache ya mji wa Springfield, katika jimbo lile lile.

Mwanzoni biashara ilikwenda taratibu, kwa kuwa maduka mengi hayakuwa na masanduku ya kugandisha. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya, nchi iliyokuwa ikitoa bati nyingi, na bati ikaadimika Marekani. Mwaka 1943 serikali ya huko ilianza kuwagawia watu vyakula vya makopo kwa kipimo. Lakini mboga za kugandishwa hazikuhitaji bati; zilitiwa katika karatasi tu. Hivyo watu wengi wakazionja, wakazizoea. Vita vilipokwisha, friza zikaanza kuingia majumbani.

Leo biashara hii imeenea duniani. Hata minofu ya sangara wa Ziwa Victoria hugandishwa katika viwanda vya Mwanza, Kisumu na Uganda, ikapelekwa kuliwa Ulaya.

2. Kazi ya baridi

Chakula hakiozi chenyewe. Huozeshwa na vijidudu, yaani viumbe vidogo mno ambavyo mtu hawezi kuviona ila kwa darubini. Vijidudu vingi havina madhara, vingine huharibu chakula, na vichache huleta magonjwa, kama kuhara, kutapika na homa.

Vijidudu hupenda joto la kadiri, maji na chakula. Vikipata vitu hivi vitatu, kila kimoja hujigawa kikawa viwili, na viwili vikawa vinne. Vingine vyaweza kufanya hivyo kila baada ya dakika 20. Mtu ahesabu: kijidudu kimoja, baada ya saa moja, kitakuwa 8, baada ya saa mbili, 64, baada ya saa nne, 4,096, na baada ya saa sita, zaidi ya 262,000. Ndiyo sababu kitoweo kilichoachwa mezani tangu asubuhi chaweza kumwangusha mtu jioni, ingawa hakikuonekana kuwa na kasoro yo yote.

Joto ambalo vijidudu hivyo hulipenda ni lile lililo kati ya digrii 4 na digrii 60 za sentigredi. Chakula kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili. Na siku za joto kali, lipitalo digrii 32, kisikae zaidi ya saa moja. Friji ya kawaida, ambayo joto lake ni digrii 4 au chini yake, huvichelewesha vijidudu, lakini haivizuii vyote. Friza hupoza zaidi: digrii 18 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo vijidudu havizai kabisa, kwa sababu maji yao yamekuwa barafu.

Hapo ndipo methali inapokuwa kweli. Chakula kilichotiwa friza kikiwa kizuri, kikakaa katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri bila kuyeyuka hata mara moja, hakitamdhuru mtu kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Walakini utamu wake hupungua. Hewa kavu ya friza hunyonya maji ya chakula kisichofunikwa vema, nacho hufanya mabaka makavu, meupe au ya kijivu. Mabaka hayo si sumu. Ni ukavu tu. Kwa ajili ya utamu, chakula kilichopikwa kikagandishwa yafaa kiliwe kabla ya kupita miezi mitatu au minne, nyama ya kusaga vile vile, na kuku mzima kabla ya mwaka kwisha.

3. Kazi ambayo baridi haiwezi kuifanya

Watu wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu kama moto uuavyo. Dhana hiyo si kweli. Baridi huvilaza tu. Vijidudu katika barafu ni kama mbegu katika udongo wakati wa kiangazi: hazioti, hazionekani, na mtu apitaye juu yake hudhani hakuna kitu. Lakini mvua ikinyesha, zote huchipuka. Hali kadhalika chakula kikiyeyuka, vijidudu vilivyokuwamo huamka na kuanza kuzaa pale pale vilipoachia.

Kwa hiyo friza haiwezi kukitengeneza chakula kilichokwisha haribika. Mtu akitia nyama iliyokaa juani mchana kutwa, siku ya kuitoa atatoa nyama ile ile yenye vijidudu vile vile. Friza ni mlinzi wa mlango tu. Mwizi aliyekuwamo ndani kabla ya mlango kufungwa hawezi kumfukuza. Moto ndio umfukuzao. Tena iko mizizi mingine ya shari ambayo hata moto hauing'oi, kwa maana vijidudu vya namna fulani, vikiisha kuzaa sana katika chakula, huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

4. Sahani iliyo tayari, na isiyo tayari

Mwaka 1954 kampuni ya Swanson ya Marekani ilianza kuuza kwa wingi chakula kizima kilichogandishwa katika sinia dogo la alumini. Sinia hilo lilikuwa na vyumba: kimoja cha nyama ya bata mzinga, kingine cha viazi vitamu, na kingine cha njegere. Mnunuzi alilitia katika tanuri, akalitoa, akala mbele ya televisheni, chombo kilichokuwa kigeni bado siku zile. Mwaka 1967 yalianza kuuzwa huko majiko madogo ya maikrowevu ya kuwekwa juu ya meza ya jikoni, na kazi ya dakika nyingi ikawa ya dakika chache. Baadaye masinia ya alumini yaliachwa, yakaja ya plastiki na ya karatasi, yawezayo kuingia katika majiko hayo.

Wepesi huo ulileta hatari yake. Mtu akiona picha ya chakula kizuri juu ya sanduku, hudhani kwamba kilicho ndani kimekwisha kupikwa, na kwamba kazi yake ni kukipasha moto tu. Mara nyingi ni hivyo, lakini si mara zote. Vyakula vingine hukaangwa kidogo kiwandani ili vipate rangi, na ndani vikawa vibichi. Kama ni hivyo, maandishi ya sanduku huagiza kwamba kipikwe sawasawa. Lakini nani asomaye maandishi madogo hali ana njaa?

Mwaka 2007 watu wengi wa Marekani waliugua ugonjwa wa matumbo uletwao na vijidudu viitwavyo salmonela. Waganga wa serikali walipochunguza waliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekula pai za nyama zilizogandishwa. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 401, katika majimbo 41. Pai hizo zilipaswa kupikwa hasa, nao wengi walizitia katika jiko la maikrowevu. Majiko hayo hayana nguvu sawa: dakika zitoshazo katika jiko moja hazitoshi katika jingine, na watu wengi hawakujua nguvu za majiko yao.

Tena jiko la maikrowevu halichomi chakula sawasawa. Mawimbi yake huyatia maji joto upesi, lakini barafu huyapokea kidogo tu. Basi pembeni, ambako barafu imeanza kuyeyuka, chakula huchemka mpaka kikatoa mvuke, hali katikati yangali barafu. Mtu huona mvuke, akadhani kimeiva. Ndiyo sababu masanduku huandikwa kwamba chakula kikorogwe au kigeuzwe katikati ya kupika, kisha kiachwe kitulie dakika kadhaa kabla ya kuliwa. Dakika hizo si za kungoja bure. Ndizo dakika ambazo joto la pembeni husafiri kwenda katikati. Joto la kuua vijidudu katika chakula cha namna hii ni digrii 74 katikati yake, si pembeni.

Na wala si nyama peke yake iletayo hatari. Tangu mwaka 2015 hata 2018, watu wa nchi tano za Ulaya, yaani Austria, Denmark, Finland, Sweden na Uingereza, waliugua kwa kijidudu kiitwacho listeria. Wachunguzi walifuata nyayo zake mpaka wakafika kwenye kiwanda kimoja cha kugandisha mahindi matamu na mboga nyingine huko Hungaria. Hata mwanzo wa mwezi wa Juni 2018 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 47, na katika hao 9 walikufa. Mboga kama hizo zikipikwa vema hazina neno, kwa kuwa moto humwua listeria. Lakini watu wengine huziyeyusha tu na kuzichanganya katika saladi bila kuzipika. Kijidudu hiki ni hatari hasa kwa wazee, kwa wanawake wajawazito na watoto waliomo tumboni, na kwa watu walio dhaifu. Tena kina tabia mbaya ya kuendelea kuzaa hata ndani ya friji.

5. Usiku wa giza

Friza hutegemea umeme, na umeme ukikatika, akiba yote huwa katika hatari. Jambo hili lilionekana wazi siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2003. Siku hiyo, katika jimbo la Ohio, nyaya za umeme zilizolegea kwa joto na kwa uzito wa kazi ziligusa miti iliyoachwa kukua chini yake. Nyaya hizo zikazimika. Mzigo wake ukahamia kwa nyingine, nazo zikashindwa. Na kufika saa kumi na dakika chache alasiri giza la umeme lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Marekani ya kaskazini-mashariki, na jimbo la Ontario katika Kanada. Watu kama milioni 50 walikosa umeme. Katika mji wa New York umeme haukurudi kila mahali mpaka jioni ya siku ya pili, baada ya saa 29 hivi. Na siku zile zilikuwa za joto.

Na uwe mfano, nyumba mbili zilizo jirani katika usiku kama ule. Katika nyumba ya kwanza friza imejaa mpaka juu. Mwenye nyumba anafunga mlango wake, anaifunika kwa mablanketi mazito, anawakataza watoto wasiifungue. Katika nyumba ya pili friza ina vitu nusu tu, na mwenyewe ana wasiwasi. Kila baada ya saa moja anaifungua kutazama kama chakula kimeyeyuka. Kila afunguapo, baridi hutoka na joto huingia. Kwa kutaka kujua kama akiba yake imeharibika, anaiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na baridi yake kwa muda wa saa 48. Iliyojaa nusu, kwa saa 24. Lakini friji ya kawaida, saa 4 tu. Sababu yake ni kwamba barafu haiyeyuki bure. Joto linalohitajiwa kuyeyusha kilo moja ya barafu ni sawa na joto la kuyachemsha maji ya kilo hiyo kutoka digrii 0 mpaka digrii 80. Kwa hiyo chakula kilichoganda, kikiwa kimeshikamana pamoja, ni kama ukuta mnene, na joto la nje hukawia sana kuubomoa. Basi baada ya saa 29 akiba ya nyumba ya kwanza ingali migumu kama mawe, na ya nyumba ya pili imekwisha legea.

Asubuhi mwenye nyumba ya pili anapata shida kubwa. Amelipa fedha nyingi kwa nyama ile. Ananusa, naye haoni harufu mbaya. Je, aitupe? Watu wengi huona uchungu, wakaila. Idara ya afya ya mji wa New York ilipochunguza mambo ya siku zile, iliona kwamba watu walioharisha waliongezeka baada ya umeme kukatika, na kwamba kula nyama na vyakula vya baharini katika siku hizo kulihusiana na ugonjwa huo. Pua na ulimi si mizani ya kupimia hatari hii, kwa maana vijidudu viletavyo ugonjwa mara nyingi havibadili harufu wala ladha.

Kipimo kilicho sawa ni hiki. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake, au bado ni baridi kama kitokacho katika friji, chaweza kupikwa au kugandishwa tena, ingawa utamu wake utapungua. Lakini nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa, kikiwa kimepata joto kupita digrii 4 kwa zaidi ya saa mbili, hakina budi kutupwa. Hasara ya nyama ni hasara ya siku moja. Hasara ya mtoto haina malipo.

Iko hatari nyingine iliyojificha zaidi. Umeme waweza kukatika wakati mwenye nyumba yu safarini, chakula kikayeyuka, kisha umeme ukarudi na chakula kikaganda tena. Arudipo hukuta kila kitu kigumu, kama alivyokiacha, asijue kwamba mwizi aliingia akatoka. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kusafiri hugandisha maji katika kikombe, akaweka sarafu juu ya barafu, akakiacha kikombe ndani ya friza. Arudipo, akiikuta sarafu juu, akiba yake i salama. Akiikuta imezama mpaka chini, ajue kwamba barafu yote iliyeyuka, na chakula nacho.

6. Kanuni za mwenye friza

Mambo yote yaliyoelezwa yaweza kukusanywa katika kanuni chache, nazo zafaa katika kila nchi ambako friza inatumiwa.

Kwanza, chakula kigandishwe kikiwa kizuri. Chakula kilichopikwa kipozwe upesi, kigawanywe katika vyombo vidogo visivyo na kina kirefu, kisha kitiwe ndani. Chungu kikubwa cha mchuzi wa moto hukawia kupoa katikati, tena hukipa joto chakula kilichokuwamo.

Pili, kifungwe vema hewa isikipate, lakini katika chombo cha mchuzi iachwe nafasi kidogo juu, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka na kupasua chombo.

Tatu, kila mfuko uandikwe jina la chakula na tarehe, na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Akiba isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na anwani.

Nne, nyama mbichi na samaki wasiyeyushwe juu ya meza, kwa maana nje huwa na joto wakati ndani ni barafu bado. Wayeyushwe ndani ya friji, hata kama ni kazi ya usiku kucha. Au katika maji baridi, hali wamefungwa katika mfuko usiopenya maji, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Au katika jiko la maikrowevu, kisha wapikwe papo hapo.

Tano, maandishi ya sanduku yasomwe kabla ya kupika, na dakika za kutulia zihesabiwe pamoja na za kupika.

Sita, penye shaka, chakula kitupwe.

Mtu akizitazama kanuni hizi ataona jambo la ajabu kidogo. Katika kugandisha, aliye na haraka ndiye ashindaye, kama Wainuit walivyojua. Lakini katika kuyeyusha na katika kupika, haraka haraka haina baraka.

Basi methali ya wazee haikusema uongo. Akiba haiozi, ikiwa mwenye kuiweka ameiweka kwa akili, na akaitoa kwa akili. Mkulima asiyezibomoa kuta za ghala yake zilizoliwa na mchwa, akajenga nyingine, hawezi kuilaumu ghala mahindi yakiharibika. Vivyo hivyo friza haimwokoi mwenye uvivu. Baridi hulinda tu kile ilichopewa, na moto humaliza kazi ambayo baridi haikuweza. Lakini kujua wakati wa baridi na wakati wa moto ni kazi ya mtu mwenyewe.

Maswali

1. Birdseye alijifunza nini kwa Wainuit wa Labrador? Kwa nini samaki wao alikuwa na ladha nzuri kuliko samaki waliogandishwa mijini?
2. Eleza tofauti baina ya kazi ya baridi na kazi ya moto juu ya vijidudu.
3. Kijidudu kimoja kikijigawa kila dakika 20, vitakuwa vingapi baada ya saa tatu?
4. Kwa nini chakula kitokacho katika jiko la maikrowevu huachwa kitulie kabla ya kuliwa?
5. Umeme umekatika kwa saa 30. Friza moja imejaa, nyingine ina vitu nusu, na zote mbili hazikufunguliwa. Ni ipi ambayo chakula chake chatiliwa shaka, na kwa sababu gani?
6. Sarafu iliyo juu ya kikombe cha barafu humwambia nini mtu arudiye safarini?